Mwimbaji Yuko Nyuma ya Magitaa: Kuzisikiliza Albamu za Roki za 1987 hadi 1989

Sikio lililokulia kwenye taarabu na dansi hutafuta maneno kwanza. Kwenye taarabu mwimbaji ndiye mwenye shughuli, na fidla zinampisha apite. Kwenye dansi magitaa yanajua zamu yao: beti ziimbwe, ujumbe ufike, halafu ndipo chemko liingie na mpiga solo aachiwe uwanja. Mwenye sikio hilo akiwekewa You're Living All Over Me ya Dinosaur Jr. (1987), wimbo wa kwanza hauishi kabla hajauliza kama faili ni bovu. Gitaa limejaa nyumba nzima, dramu zinabomoa, na mwimbaji anasikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa.

Faili ni zima. Mwimbaji kawekwa huko kwa makusudi, na namna alivyowekwa ndiyo habari yenyewe ya albamu hizi. Kati ya 1987 na 1989, bendi za Marekani na Uingereza zilizokuja kutiwa kapu moja la roki mbadala (jarida la Billboard lilianza kuzipangia chati yao Septemba 1988) zilirekodi kwa fedha kidogo na kwa haraka, na kila studio ikaamua kivyake: mwimbaji akae wapi? Shika swali hilo moja tu uingie nalo, na albamu zilizoonekana kuwa kelele ya aina moja zitaanza kuachana.

Nyingine hazihitaji msaada huo. R.E.M. kwenye Document (1987), wakiwa na prodyuza Scott Litt, walimtoa mwimbaji wao Michael Stipe kwenye ukungu wake wa miaka ya nyuma, na "The One I Love" ikaingia kumi bora za Marekani. Hapo maneno yanasikika. The Stone Roses (1989) nayo inampa mwimbaji nafasi safi, ingawa usiipite "Don't Stop" bila kujua kwamba ni "Waterfall" iliyochezwa kinyumenyume, kisha ikaimbiwa maneno mapya juu yake. Zinazohitaji kushikwa mkono ni hizi zifuatazo.

Turudi kwa Dinosaur Jr. J Mascis, kijana wa Amherst, Massachusetts, alikuwa mpiga dramu kabla ya kuwa mpiga gitaa. Mpiga dramu amezoea chombo kinachomjibu kwa kishindo: ukipiga kwa nguvu, kinapaza. Gitaa la umeme halimjibu hivyo mpaka liongezwe sauti kupita kiasi, na hicho ndicho alichofanya, kwa amplifaya za Marshall na pedali ya Big Muff. Lou Barlow naye hakupiga besi kwa kutembea noti moja moja chini kama tulivyozoea. Alipiga nyuzi mbili kwa pamoja, kwa nguvu, kama gitaa la rithimu. Kwa hiyo besi ikapanda kukaa katikati, na katikati ndipo mwimbaji angekaa.

Kuna sababu ya kifizikia inayofanya usikie wimbo wake bila kusikia maneno yake. Pedali ya kukwaruza sauti huzalisha sauti za juu ambazo hazikuwa kwenye uzi wenyewe, na nyingi zinaangukia kati ya takriban hetsi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000. Hapo ndipo zinapoishi s, t, k na ch za mwimbaji, herufi zinazotenganisha neno na neno. Irabu ziko chini zaidi, zinapenya; konsonanti zinafunikwa. Unabaki na mtiririko wa sauti ya kivivu inayolia nyuma ya ukuta. Sikiliza "In a Jar" hivyo, ukiifuata sauti ya Mascis kama unavyofuata filimbi, na utaona ina huzuni ambayo maneno yaliyosikika yangeipunguza. Albamu inaisha kwa "Poledo", ambayo Barlow aliirekodi nyumbani kwa kaseti na ukulele. Hapo mwimbaji yuko karibu mno, kama anakuimbia begani. Nyimbo zinazofuata baada ya hiyo kwenye matoleo mengine zimeongezwa tu. Albamu ina nyimbo tisa.

Sasa Surfer Rosa ya Pixies, albamu ambayo ningemwanzishia mtu yeyote. Ilirekodiwa Q Division, Boston, Desemba 1987, kwa siku kumi hivi na bajeti ya dola 10,000, ikatoka Machi 1988. Lebo ya 4AD ya London ilimwita Steve Albini kutoka Chicago na kumlipa dola 1,500, malipo ya mara moja bila mrabaha. Albini hakupenda kuitwa prodyuza. Kwake kazi ilikuwa kurekodi kilichopigwa, mahali kilipopigwa, na hakuwa na hamu na mwangwi wa kutengenezwa na mashine.

Fungua "Bone Machine", wimbo wa kwanza. Dramu za David Lovering zinaanza peke yao. Usisikilize pigo lenyewe, sikiliza kinachofuata mara tu baada ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali: kuna hewa, kuna kuta, kuna dari. Hayo ndiyo matunda ya kuweka maiki karibu na ngoma na nyingine mbali ndani ya chumba, kisha kuzipa zile za mbali heshima yake wakati wa kuchanganya. Wengi hukosea kwa kudhani dramu hizi ni kubwa kwa sababu zimepigwa kwa nguvu. Nguvu ipo, lakini ukubwa unatoka kwenye chumba.

Mwimbaji je? Black Francis hana mahali pamoja. Kwenye "Something Against You" sauti yake imepitishwa kwenye amplifaya ya gitaa, ikatoka imechanika. Kawekwa ndani ya spika kabisa. Kwenye "Gigantic" na "Where Is My Mind?" mambo ni mengine. Ili kupata mwangwi wa kweli kwenye sauti za Kim Deal, mpiga besi, vifaa vilihamishiwa bafuni mwa studio.

Inafaa kusimama hapo bafuni kidogo, maana ndipo albamu nzima inapoeleweka. Sauti husafiri kiasi cha sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kwenye chumba ambacho ukuta uko mita moja na nusu kutoka mdomoni, inakwenda na kurudi ndani ya elfu tisa hivi za sekunde. Sikio haliwezi kuitenga kama mwangwi wa bondeni. Linaisikia kama unene wa sauti yenyewe. Vigae navyo havili sauti za juu kama zulia na pazia zinavyokula, kwa hiyo sauti inabaki kali na yenye kung'aa. Ndiyo maana ile "uuu" ya juu kwenye "Where Is My Mind?" inasikika kama iko mbali na karibu kwa wakati mmoja.

Unaweza kulijaribu kwa simu. Toa taulo na nguo zilizotundikwa, funga mlango, weka simu umbali wa kama mita mbili juu ya kitu kigumu, uimbe ukitazama ukuta usio na simu. Kosa la kwanza ni kusogea karibu: ukiwa nusu mita kutoka kwenye simu, sauti yako ya moja kwa moja inaufunika mwangwi unaorudi na unapata rekodi kavu. Kosa la pili huwezi kuliona: programu nyingi za kurekodi sauti za mazungumzo huondoa kelele zenyewe, na kwao mwangwi ni kelele, kwa hiyo mkia wa kila neno unakatwa. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima usafishaji huo. Ukiurudia wimbo huo karibu kabisa na simu kisha ukaisikiliza pamoja na ile ya mita mbili, utakuwa umeshaelewa tofauti ya studio mbili bila kusoma neno.

Pixies wenyewe wametuachia njia nyingine ya kulinganisha. Ukiwa na CD ya kwanza ya 4AD, baada ya "Brick Is Red", wimbo wa 13, sauti inabadilika ghafla. Hiyo si hitilafu. CD ile iliunganishwa na Come On Pilgrim, nyimbo nane zilizotoka 1987, ambazo zilirekodiwa mapema mwaka huo kwenye studio ya Fort Apache na Gary Smith. "Vamos" imo kote kuwili, kwa hiyo una wimbo mmoja, bendi ileile, watu wawili kwenye mashine. Ile ya Fort Apache ni nyepesi na inakwenda mbio. Ile ya Albini inakata gitaa la Joey Santiago vipandevipande na kulitupa pembeni huku dramu zikiendelea bila kujali. "Gigantic" pia ina ndugu yake: ilirekodiwa upya 1988 na Gil Norton ili itoke kama singo. Norton alimsogeza Deal mbele, akausafisha wimbo, na wimbo ukapendeza. Lakini chumba kimeondoka, na kwangu mimi nusu ya wimbo imeondoka nacho.

Norton ndiye aliyefanya Doolittle (1989), albamu iliyofuata ya Pixies, kwa dola 40,000 na wiki tatu hivi za kurekodi Boston. Alitaka baadhi ya nyimbo zirefushwe. Francis akampeleka dukani, akamwonyesha santuri ya nyimbo bora za Buddy Holly na urefu wake, dakika mbili hivi kila moja. Mabishano yakaishia hapo, na albamu ikatoka na nyimbo 15 ndani ya dakika 38 na ushei. Mwimbaji sasa ana nafasi yake: beti kimya, besi na dramu tu, sauti inasemwa zaidi ya kuimbwa, halafu kiitikio kinafumuka. Nyimbo za Doolittle zimepangika kuliko za Surfer Rosa, hilo nalikubali. "Monkey Gone to Heaven", pamoja na fidla na cello zake, ni kazi iliyokamilika. Kama ni albamu ya kumpa mtu anayependa nyimbo, mpe hiyo. Kama anataka kujua sauti inatoka wapi, arudi bafuni.

Daydream Nation ya Sonic Youth, iliyotoka Oktoba 1988, inaleta tatizo jingine kwa sikio la dansi, na hili ni la magitaa. Tumezoea solo na rithimu kugawana uwanja: mmoja juu, mwingine chini, noti zikipishana kama vidole vya mikono miwili. Thurston Moore na Lee Ranaldo hawagawani. Wanakaa mahali pamoja na kusuguana.

Siri iko kwenye kutyuni. Gitaa la kawaida, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni E A D G B E. Kwa "Teen Age Riot" linatyuniwa G A B D E G. Hizo ni noti tano za pentatoniki ya G, ile ngazi ambayo watoto huimbia michezo yao sehemu nyingi za dunia. Ukipiga nyuzi zote bila kubonyeza popote, hakuna noti inayogombana na mwenzake. Ndiyo maana wimbo huo, pamoja na fujo yake, unang'aa na kufurahisha tangu gitaa linapoingia. Ukitaka kujaribu, usitumie nyuzi za seti ya kawaida zikiwa mahali pake pa kawaida. Nyingine zitalegea mpaka zigonge shingo ya gitaa, nyingine zitakazwa mpaka zikatike. Chagua unene wa kila uzi kwa noti utakayoipandisha, bila kujali ni uzi wa ngapi. Hiyo pia ndiyo sababu ya bendi hii kutembea na magitaa mengi, mengi yao ya bei rahisi: kila moja na tyuni yake. Kutyuni upya jukwaani kungechukua muda kuliko wimbo.

Mbinu yao ya pili ni nyuzi mbili kwenye noti moja zisizolingana sawasawa. Uzi mmoja ukiwa hetsi 196 na jirani yake 198, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Ukizidisha tofauti, mawimbi yanaharakisha mpaka yanageuka ukwaruzo. Wapigaji wetu hutyuni kuyaua mawimbi hayo, hawa wanayafuga.

Injinia wao alikuwa Nick Sansano wa studio ya Greene St. jijini New York, aliyekuwa amezoea kazi za hip-hop, pamoja na Public Enemy. Bajeti ilikuwa kama dola 30,000. Mtu wa hip-hop anajua kuweka kiki (ngoma kubwa ya mguu) na snea zisimame imara chini ya tabaka nyingi za sauti, na dramu za Steve Shelley ndizo zinazokuongoza njia humu. Ukipotea, shika snea. Waimbaji ni watatu, Moore, Kim Gordon na Ranaldo, na wote wamewekwa usawa mmoja na magitaa, kama watu wanaoongea sokoni. Albamu ina takriban dakika 71, santuri mbili, pande nne. Usiimeze kwa mkupuo mara ya kwanza. Santuri ilikupa mapumziko ya kugeuza upande kila baada ya robo saa na ushei, na nyimbo zilipangwa kwa mapumziko hayo. CD na simu vimeyafuta. Yarudishe mwenyewe.

Isn't Anything ya My Bloody Valentine ilitoka Novemba 1988 kwa lebo ya Creation. Ilirekodiwa studio ya Foel, Wales, kwa wiki mbili hivi ambazo bendi ililala saa chache sana kila usiku. Bilinda Butcher amesimulia kuamshwa usingizini ili aimbe, na inasikika. Humu mwimbaji hayuko nyuma ya gitaa wala pembeni. Yuko ndani yake, kwa kiwango kilekile, kama sukari iliyokwisha kukorogwa.

Mpiga gitaa Kevin Shields anashika mkono wa tremolo (fimbo ya kushusha na kupandisha noti) wa gitaa la Fender Jazzmaster au Jaguar kiganjani huku akipiga nyuzi kwa mkono huohuo. Magitaa haya yana daraja linaloyumba kidogo pamoja na nyuzi, na fimbo ndefu yenye mwendo laini, kwa hiyo kila anapopiga, noti zote zinateremka na kupanda kidogo kwa pamoja. Wanaoiga hukosea kwa kutikisa haraka, wakapata mtetemo wa gitaa la Hawaii. Mwendo sahihi ni wa polepole, unaofuata mapigo ya mkono. Fikiria mtu anapumua. Juu ya hapo kuna mwangwi wa kinyume kutoka kwenye mashine ya Yamaha SPX90. Mwangwi wa kawaida huanza kwa nguvu na kufifia. Huu huanza kidogo, unakua, kisha unakatika. Kile kishindo cha kwanza cha ukucha juu ya uzi kinapotea, na gitaa linakuwa halina mwanzo. Sikiliza "All I Need". Usipojua ni gitaa, hutabahatisha.

Bleach ya Nirvana (Juni 1989) huwa inasifiwa kwa bei yake, dola 606.17 kwa saa 30 za studio, na mara nyingi sifa inaishia hapo. Fedha hizo alizitoa Jason Everman, ambaye jina lake limo kwenye jalada japo hakupiga chochote. Lakini tazama saa 30 zinamaanisha nini. Jack Endino, kwenye Reciprocal Recording ya Seattle, alikuwa na mashine ya treki nane, yaani nafasi nane tu za kurekodia sauti mbalimbali. Dramu zikishakula sehemu kubwa ya treki hizo, gitaa na sauti vinapata kinachobaki. Hakuna nafasi ya kujenga ukuta wa magitaa kumi, wala muda wa kumficha mwimbaji. Kwa hiyo Kurt Cobain yuko mbele na mkavu, na kooni kwake unasikia kila mkwaruzo. "Blew" imetyuniwa chini sana, mpaka uzi mnene ukafika C, na besi inalegea kiasi cha kusikika ikipigapiga. "Floyd the Barber", "Paper Cuts" na "Downer" zina Dale Crover wa bendi ya Melvins kwenye dramu, kutoka kipindi cha Januari 1988. Sikiliza namna pigo linavyokuwa zito zaidi hapo. Kama albamu, Bleach haijatulia, nyimbo kadhaa zinafanana mno. "About a Girl" peke yake inatosha kuonyesha mtunzi alikuwa anaelekea wapi, na baadaye alikiri wazi kwamba alikuwa akiwaiga Pixies, kisha akamwendea Albini kurekodi In Utero ya 1993.

On Fire ya Galaxie 500 (1989) naitaja mwisho kwa sababu inapinga karibu kila nilichosema. Prodyuza Kramer alipenda mwangwi wa mashine, tena mwingi, na bendi ya watu watatu inapiga polepole kama vile studio ni yao milele. Dean Wareham anaimba juu sana, karibu sauti ivunjike, akiwa mbele ya gitaa lakini mbali na wewe. Maneno yanasikika. Mwenye sikio la taarabu aanzie hapa, na "Blue Thunder", kisha arudi kwa wale wengine.

Kuhusu vifaa: usizisikilize kwa spika ya simu. Uzi mnene wa besi ni hetsi 41, na spika ya simu huanza kuchoka kabla hata ya kushuka hadi 300. "Gigantic" inafunguliwa na besi ya Kim Deal. Kwenye simu utasikia vivuli vyake tu na kudhani wimbo umechelewa kuanza. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. CD za miaka hiyo zilikatwa kwa sauti ya chini kuliko za leo, kwa hiyo usidhani ni dhaifu; pandisha sauti mwenyewe, dramu zina nafasi ya kuruka. Isn't Anything ina masta mpya ya 2012 iliyosimamiwa na Shields, na Bleach ina ya 2009 ambayo imeongezewa tamasha la Portland la 1990. Unapolinganisha toleo la zamani na jipya, sawazisha kwanza sauti kwa sikio ukitumia snea, maana lile linalopaza zaidi huonekana bora kwa sekunde 20 za mwanzo hata kama limebanwa. Zima pia kipengele chochote cha programu ya muziki kinachopandisha sehemu za kimya na kushusha za kelele, hasa ukiwa kwenye Doolittle, ili kimya cha ubeti kibaki kimya na kiitikio kikukute hukujiandaa.